Kabla ya Kuulaumu Ugonjwa, Fungueni Mfuko wa Dawa

Mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer akizidi kuchanganyikiwa, nyumba nzima husema: ndio ugonjwa unavyokwenda, tumwachie Mungu. Imani hiyo naikataa, maana inawafumba watu macho wasione kidonge walichompa wenyewe jana usiku.

Ubongo hutunza kumbukumbu kwa msaada wa kemikali iitwayo asetilikolini, na Alzheimer huua seli zinazoitengeneza. Donepezili, dawa anayopewa mgonjwa wa Alzheimer, haiuponyi ugonjwa. Kazi yake ni kuchelewesha kuvunjwa kwa ile asetilikolini kidogo iliyobaki. Sasa hesabuni dawa za kawaida zinazoiziba kemikali hiyo hiyo: Piriton anayopewa mzee ili alale, promethazini ya mzio, amitriptilini ya maumivu ya neva, oksibutinini ya mkojo. Asubuhi mgonjwa anameza cha kumsaidia kukumbuka, usiku anameza cha kuufuta msaada huo. Halafu akiamka hamjui mwanawe, tunasema ugonjwa umezidi!

Madaktari nao hawajanusurika. Mwaka 2005 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wazee 44,884 wenye demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu kama Alzheimer. Waliotumia dawa za kundi la donepezili waliandikiwa dawa za kuzuia mkojo, za aina hii inayoziba asetilikolini, zaidi ya wenzao wasiozitumia. Donepezili yenyewe huweza kumfanya mtu ashindwe kuzuia mkojo. Mkojo ukahesabiwa kuwa maradhi mapya, kidonge kikaongezwa juu ya kidonge. Na onyo lilikuwapo: orodha ya Beers, iliyoanza Marekani mwaka 1991 kutaja dawa zisizowafaa wazee, inashauri mwenye demensia aepushwe na dawa hizi.

Najua nitakachojibiwa na anayekesha na mgonjwa: mzee lazima alale, na kulowa ni fedheha. Ni kweli, na uchovu wenu naujua. Lakini mzee anaweza kutolewa juani mchana asisinzie kutwa, akapelekwa chooni kwa saa maalumu kabla hajabanwa, na dozi ya donepezili ikaangaliwa upya. Kwa hiyo pelekeni dawa zote kwa daktari au mfamasia, hata za mafua zilizonunuliwa bila cheti, mkamuulize ipi kati ya hizi inaziba asetilikolini. Msizikatize wenyewe kwa ghafla. Amitriptilini iliyotumika muda mrefu hupunguzwa polepole.