Ua lisisafiri, oda ndiyo isafiri

Mara hii hatuandiki juu ya mbegu ya mahindi wala bei ya mbolea. Tunaandika juu ya maua. Tunajua wengine watacheka: "Maua? Bantu bako na njala, na mweye munaongea maua?" Mucheke kwanza, kisha musome mpaka mwisho. Jambo lililotupata sisi linaweza kupata koperative yoyote inayouza kitu kinachoharibika haraka, iwe nyanya, iwe maziwa, iwe lengalenga.

Sisi ni koperative ya bustani kando ya barabara ya Lubumbashi, upande wa Kasumbalesa. Wengi wetu ni wamama. Kazi yetu kubwa ni mboga: lengalenga, matembele, vitunguu, nyanya. Maua tulianza kidogo kidogo, mistari michache tu kando ya kisima: glayeli, zinia na waridi. Tuliona kila juma kuko ndoa, kuko kilio, kuko sherehe ya diplome, na maua mengi ambayo watu wanabeba ni ya plastiki. Watu wakaanza kutuuliza: "Mama, munaweza kunifanyia buke ya maua ya kweli?" Tukasema ndiyo. Na kwa kusema ndiyo kila mara, siku moja tukaanguka.

Ilikuwa wakati wa jua kali, mbele ya mvua. Dada mmoja anayeishi Ulaya alituandikia ku WhatsApp. Mama yake amefariki mu Lubumbashi, na yeye hakupata namna ya kuja kuzika. Aliomba kitu kimoja: kuruni ya maua ya kweli, iwe juu ya sanduku mbele halijatoka nyumbani. Ndugu yake akatutumia franga kwa simu siku ileile. Tukamuambia: "Dada, usihangaike. Itafika."

Tulikata maua jua likitoka. Tukayafunga vizuri, tukapiga foto, tukayapakiza mu bisi. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 90. Kwa kipimo cha kilometa, si mbali. Lakini ninyi wote munajua ile barabara: makamiyo ya shaba na kobalti yanashuka, makamiyo ya mizigo yanapanda, na moja ikiharibika njiani, wote munalala hapo. Ile siku mulolongo ulikuwa murefu. Maua yalikaa nyuma ya bisi, yamelala, bila maji, kati ya mikungu ya ndizi za kuiva. Kijana wetu alifika mutaa ule saa saba ya mchana. Sanduku lilikuwa limekwisha kutoka. Akakimbia na moto mpaka makaburini, akaweka kuruni pale. Glayeli zilikuwa zimepinda shingo. Waridi zilikuwa zinamwaga majani yake.

Mpaka hapo ni bahati mbaya. Jambo la haya linafuata. Jioni yule dada aliandika: "Mamu, ninaomba foto ya maua." Na sisi tukamtumia ile foto ya asubuhi, ya bustanini. Akajibu: "Asanti sana, ni mazuri." Kisha siku mbili ndugu yake akamwonyesha foto za makaburini. Akatuandikia neno moja tu: "Mulinidanganya siku ya kuzika mama."

Tulirudisha franga zote. Lakini hakuna franga inayoweza kurudisha ile siku.

Mu mukutano wetu tulibishana sana. Wengine walisema kosa ni la barabara. Wengine walisema ni la shofere. Mama mmoja muzee akasimama, akasema: "Barabara tuliijua. Ndizi tungeziuliza. Ile foto, ni nani aliituma? Si shiye?" Wote tukanyamaza. Toka siku ile tumefikiri sana, na tumefika ku wazo moja ambalo tunataka kuliweka mbele yenu.

Mteja wa soko anaona kwa macho. Anashika nyanya, anaigeuza, anapiga bei, anaiacha. Mteja wa oda haoni kitu. Yeye hanunui ua. Ananunua neno letu kwanza, na ua linakuja nyuma. Njo maana oda haiwezi kupokelewa kama vile tunavyopokea mtu ku meza ya soko. Ukisema "itafika", umekwisha kuuza.

Hili jambo si geni mu dunia. Mwaka wa 1910, mwaka uleule ambao muji wa Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, ulianzishwa, wauza-maua wa Marekani walifanya shirika lao. Shida yao ilikuwa kama yetu: mutu wa muji mumoja anataka maua yafike ku muji wa mbali, na maua hayavumilii safari. Hawakutafuta treni ya mbio zaidi. Walitumia telegramu. Muuza-maua wa hapa anapokea oda na franga, anapiga telegramu kwa mwenzake wa kule, na yule wa kule anakata maua yake mwenyewe, anayapeleka ku mulango. Ua halikusafiri. Oda ndiyo ilisafiri. Na ule mutindo unatumika mpaka leo mu inchi nyingi, hata kama telegramu ilikufa zamani.

Sisi tuko na simu mukononi, kitu chenye nguvu kupita telegramu, na bado tunapakiza maua mu bisi kwa kilometa 90!

Tuseme pia kwa nini ua halipendi safari, ili mutu asifikiri ni bahati tu. Ua lililokatwa bado linapumua na kunywa, lakini halina tena mizizi. Kila saa bila maji linakunywa nguvu yake yenyewe, na joto linaharakisha kifo chake. Tena tunda linaloiva linatoa gesi ambayo macho hayawezi kuona. Wataalamu wanaiita etileni. Ile gesi ndiyo inaivisha ndizi, na ndiyo inazeesha maua ya aina nyingi. Ukiweka waridi karibu na ndizi za kuiva, ni kama umeyaambia yaharakishe kuzeeka. Na glayeli ukiilaza, kichwa chake kinajipinda kutafuta juu. Haya yote hatukuyajua ile siku. Sasa tunayajua, na ninyi munayajua.

Mutu atasema: "Tununue basi frigo, tutafute gari letu." Tumwangalie mwenye vyote. Kule Naivasha, mu Kenya, kuko mashamba makubwa ya waridi, vyumba vya baridi, na ndege za kupeleka Ulaya. Mwezi wa 4 mwaka wa 2010 volkano moja ya Iceland ilitupa majivu mu anga, viwanja vya ndege vya Ulaya vikafungwa siku nyingi, na waridi nyingi za Kenya zikatupwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Hapa kwetu pia, mwezi wa 8 mwaka wa 2024, Zambia ilifunga mupaka siku chache, na Kasumbalesa ikasimama kama mutu aliyefungwa miguu. Njia ikifungwa, mukubwa analia na mudogo analia. Tofauti ni kwamba mukubwa anaweza kulia na kuanza tena. Sisi, oda tatu zikipotea, koperative inagawanyika.

Basi wazo letu ni hili. Makoperative ya Kasumbalesa, ya Lubumbashi, ya Kipushi na ya Likasi tupashane oda. Oda ya Lubumbashi ikiingia ku simu yetu, tusiikamate kwa wivu. Tuipeleke kwa bustani iliyo karibu na mulango wa mteja. Nao wakipata oda ya ndoa ya Kasumbalesa, watuletee. Aliyepokea oda abaki na sehemu ndogo. Tunapendekeza 2 ku kila 10. Aliyekata na kupeleka apate zinazobaki. Franga zinapita ku M-Pesa, ku Airtel Money ao ku Orange Money, na kila mwisho wa mwezi tunaandika hesabu pamoja.

Tunajua neno litakalotoka: "Watatunyang'anya bateja." Hata kwetu lilitoka. Tunajibu hivi: yule dada wa Ulaya, nani alitunyang'anya? Hakuna. Tulimpoteza sisi wenyewe, kwa sababu hatukutaka kusema "Sisi tuko mbali, lakini tuko na wenzetu karibu." Mteja hapotei kwa kupelekwa kwa mwenzio anayemtumikia vizuri. Anarudi kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyemuambia ukweli. Na sheria inaturuhusu. Sheria ya OHADA juu ya makoperative, ambayo inchi yetu inafuata, inasema makoperative mawili ao zaidi yenye lengo moja yanaweza kufanya muungano. Hatulazimike kuanza na makaratasi. Tuanze na namba za simu na kuaminiana, makaratasi yatafuata.

Sisi kwetu tumekwisha kujiwekea masharti, na hatutapokea oda ya maua bila hayo. Kwanza, tunauliza saa na mahali, na kama hatuwezi kufika saa mbili mbele ya saa ile, tunasema hapana ao tunapasha wengine. Pili, tunapokea nusu ya bei ili tukate, na nusu ingine maua yakiisha kufika. Tatu, tunakata asubuhi sana ao jioni, glayeli zikiwa na maua mawili tu ya chini yanayoonyesha rangi, waridi likianza tu kulegea, na shina linaingia mu ndoo ya maji safi paleple. Ine, maua yanasafiri yamesimama mu ndoo, mbali na matunda. Tano, foto inapigwa ku mulango wa mteja, hakuna foto ya bustani. Kama maua yamelegea, foto itaonyesha yamelegea, na tutarudisha franga siku ileile mbele ya kuulizwa.

Sharti la tano ndilo lililoleta makelele. Wengine walisema: "Tutajiaibisha wenyewe." Ndiyo. Lakini aibu ya siku moja inapona. Udanganyifu haupone.

Tumalizie na wale waliocheka mwanzoni. Muko na haki: bukari kwanza. Inchi yetu ingali inangojea unga kutoka Zambia, na hatusemi mutu ang'oe mahindi apande waridi. Hapana kabisa. Maua ni mistari michache kando ya maji, kisha mboga. Hata hivyo kilio kinakuja mu kila nyumba, ndoa zinafanyika, na tarehe 1 mwezi wa 8, siku ya wazazi, asubuhi inchi muzima inaenda kusafisha makaburi, mchana inasherehekea wazazi walio hai. Ni wakati wa baridi, mvua hakuna, maua ni machache. Mwenye kupanda glayeli katikati ya mwezi wa 4 na kumwagilia maji, anaweza kuwa na maua ile siku. Ile franga ya maua kwetu imelipa minerval ya watoto. Si kitu cha kuchekesha.

Kuko jambo moja limebaki. Tumemuandikia tena yule dada. Tumemuambia kwamba, akikubali, tarehe 1 mwezi wa 8 tutaweka maua ku kaburi la mama yake, bila kulipa kitu, maua yaliyokatwa asubuhi ileile karibu na pale, na foto itatoka kaburini. Hajajibu. Hatumlaumu. Lakini akijibu ndiyo, sisi wenyewe hatuwezi kutimiza kutoka huku. Tutakuwa tunarudia kosa lilelile. Tunahitaji koperative moja ya Lubumbashi yenye mistari michache ya maua. Kama ni ninyi, muambie animateur anayewaletea hili gazeti atuunganishe. Tutaanza na oda ile moja.