YUSUF HAKUTAJA KISIMA: KWA VIJANA WETU WANAOOMBA NAFASI KWENYE TAASISI ZA UHISANI



Sifa zote njema ni za Allah, rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha hapa Kibondo, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti ameshika simu. Akaniambia, "Shehe, naomba unisomee hii kabla sijaituma." Ilikuwa fomu ya maombi. Kuna taasisi ya nje inatafuta vijana wa kuwafundisha kazi ya uhisani kwa mwaka mmoja: namna ya kupima mahitaji ya watu, kuamua nani apewe, kufuatilia pesa na kuandika taarifa. Wanapewa posho. Na taasisi yenyewe inasema wazi inawataka watu wa makundi ambayo hayaonekani kwenye meza za wagawaji: wanawake, wenye ulemavu, wakimbizi, watu wa dini za wachache katika maeneo yao, watu wa mikoa ya pembezoni.

Nikaisoma insha yake. Imeandikwa vizuri, sikatai. Anasema alizaliwa kambini, akalelewa yatima, akalala njaa Nduta. Nikamwangalia. Baba yake anaswali safu ya pili, na ndiye aliyeniazima baiskeli mwaka niliohamia hapa. Kijana amekulia mjini, nyuma ya duka la mzee wake, na Nduta amekwenda mara chache kuuza maharage.

Nikamuuliza, "Huyu uliyemwandika ni nani?"

Akacheka kwa aibu. "Shehe, ndivyo wanavyotaka. Wenzangu wote wanaandika hivyo. Pale steshenari kuna jamaa anaziandika kwa elfu kumi."

Tulikaa barazani mpaka saa nne usiku. Niliyomwambia nayaandika hapa, kwa sababu najua wapo wengi Kasulu, Kakonko, Buhigwe na kwingineko wenye fomu kama hiyo kwenye simu zao.

Kwanza, wapo watakaosema kijana wa Kiislamu asiombe kabisa, hizo ni pesa za watu wengine wenye ajenda zao. Mimi sioni hivyo. Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) kabla ya utume alihudhuria mkataba wa Hilful-Fudhuul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan, watu wa Makka wakiahidiana kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya kuja Uislamu alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mkataba kama ule angeitika. Wema haukataliwi kwa sababu ya jina la aliyeuanzisha. Soma masharti, na ukiambiwa ufanye au utetee kinachokwenda kinyume na dini yako, rudisha fomu. Kwenye orodha ya makundi yao utakuta pia mambo ambayo sisi hatukubaliani nayo. Wewe umeulizwa habari zako, jibu zako.

Isitoshe, kazi hii ni yetu tangu zamani. Waandishi wetu wa Kiswahili wakizitaja taasisi kama ya Ford ya Marekani, iliyoanzishwa 1936, huziita "wakfu". Neno limetoka wapi? Sayyidna Umar (radhiyallaahu anhu) alipata shamba Khaybar, akamwendea Mtume kumtaka shauri, akaelekezwa azuie shina lake lisiuzwe wala lisirithiwe, na matunda yake yawe sadaka. Na kwenye masharti ya wakfu ule iliwekwa wazi kwamba msimamizi hana kosa akila humo kwa wema. Yaani mgawaji anayelipwa. Katika Suratut-Tawba aya ya 60 Allah amewataja wanaostahiki zaka makundi manane, na la tatu ni wale wanaoifanyia kazi, wanaoikusanya na kuigawa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kulipwa kwa kazi ya kugawa ni kula haki ya masikini. Kula haki ya masikini kupo, nitakufikia.

Na msidhani hizi nafasi za waliosahaulika ni ndoto. Taasisi hiyo hiyo ya Ford, kati ya 2001 na 2013, iliendesha mpango wa kuwasomesha elimu ya juu watu kutoka jamii zilizoachwa pembeni katika nchi 22, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Walifaidika watu zaidi ya 4,000. Hawakuangalia alama za darasani peke yake. Waliangalia umetoka wapi, umewafanyia nini watu wako, na utakwenda kufanya nini. Hayo ya kati ndiyo vijana wetu wanayaruka.

Sasa nije kwa Nabii Yusuf (alayhis-salaam), maana hapa ndipo nilipomshika yule kijana.

Angalieni hali yake. Mgeni katika nchi ya watu. Ametupwa kisimani na ndugu zake wa damu, ameuzwa kwa bei ya kutupa, amesingiziwa, amefungwa miaka. Leo hii kama kuna fomu yenye sehemu ya kuandika mateso yako, hakuna wa kumshinda Yusuf. Anasimama mbele ya mfalme asiye wa dini yake na anaomba kazi. Anaomba nini? Asimamie hazina za nchi. Anajieleza kwa nini? Kwa sifa mbili tu: yeye ni mwenye kuhifadhi, na ni mjuzi. Someni Surat Yusuf, aya ya 55. Kisima hakukitaja. Ndugu zake hakuwataja. Gereza lilikuwa linajulikana, lakini hakuligeuza kuwa cheti.

Na kabla ya hapo, mfalme alipomwita atoke gerezani, alikataa kutoka mpaka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka jina lake lisafishwe na waliokuwepo, ndipo azungumze habari ya cheo. Leo mnaambiwa mtaje wadhamini wawili. Huyu mdhamini wake alikuwa yule yule aliyemsingizia, akakiri mwenyewe.

Najua kuna atakayeniandikia: Shehe, Mtume si alimkataza Abdur-Rahman bin Samura kuomba uongozi? Ndiyo, na hadithi ni sahihi. Wanachuoni wameeleza kwamba katazo linamhusu anayekitaka cheo kwa ajili ya cheo, au asiyekiweza. Yusuf aliomba kwa kuwa njaa ya miaka saba ilikuwa inakuja na yeye ndiye aliyejua namna ya kuweka akiba. Hata kujisifu, ambako asili yake ni kukatazwa, kukaruhusiwa kwa haja ya kutambulika. Kwa hiyo andika sifa zako bila haya. Ila ziwe zako.

Nilimwambia kijana: ukiandika umezaliwa kambini na hukuzaliwa, umetoa ushahidi wa uongo. Mtume alipokuwa akiyataja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawasawa, akawa anarudia rudia mpaka maswahaba wakatamani anyamaze.

Na uongo huu una mwenyewe. Sisi watu wa huku tunazijua kambi. Tumewapokea Warundi baada ya Ndadaye kuuawa 1993, tukawapokea Wakongo Nyarugusu kuanzia 1996, tukawapokea tena Warundi 2015. Tumeona Mtabila inafungwa 2012 na Mtendeli 2021. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishuka hadi nusu. Sasa hivi ninavyoandika, yupo binti au kijana aliyezaliwa kambini kweli, aliyefiwa na wazazi kweli, na simu yake haina bando. Nafasi aliyotengewa yeye unataka uichukue wewe, mtoto wa mwenye duka, kwa jina lake. Hiyo ndiyo haki ya masikini niliyosema nitakufikia. Imeliwa kabla hata posho ya kwanza haijaingia.

Dada mmoja wa Kasulu, mwalimu asiye na ajira, naye aliniuliza jambo jirani na hili. Fomu inauliza dini. Rafiki mmoja kamwambia asiandike Muislamu, atakatwa. Mwingine kamwambia aandike kwa herufi kubwa, na picha ya hijabu, kwa sababu mwaka huu "wanawatafuta". Nikamwambia, binti yangu, hao wawili wamefanana, wote wanaiangalia dini yako kama tiketi. Andika Muislamu kwa sababu ndivyo ulivyo. Picha piga na hijabu yako kwa sababu ndivyo unavyovaa. Kama ni wachache huku milimani, ni kweli sisi ni wachache, si kama wenzetu wa Ujiji, hilo liseme. Habari ya kusafiri bila maharimu ni mas'ala ya kukaa na baba yako na mwanachuoni mnayemwamini kabla ya kutuma. Usisubiri mpaka viza imetoka ndipo nyumba igawanyike. Zipo pia nafasi zinazoendeshwa kwa mtandao.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea kisanduku cha "kundi". Milango hii ina wenyewe, na wenyewe hubadilika. Juni 2024 mahakama ya rufaa Marekani ilizuia mfuko mmoja wa Atlanta usiendeshe shindano la kuwapa mitaji wanawake weusi peke yao. Januari 2025 rais wao akasaini amri za kufuta mipango ya ujumuishi serikalini na kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufika Julai mosi shirika lao la misaada, USAID, likawa limefungwa. Aliyeingia kwa kisanduku tu, kisanduku kikifutwa anabaki na nini? Aliyeingia kwa kujua kuhifadhi na kujua kazi, ujuzi wake unahama naye.

Na ukishapata, mkumbuke Ibnul-Lutbiyya. Mtume alimtuma kukusanya sadaka, akarudi akasema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Fikirini bahasha za semina. Fikirini shirika linalomchinjia afisa mbuzi kabla ya tathmini. Kibondo ni mji wa magari meupe, haya hatusimuliwi.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimuuliza, "Daftari la zakatul-fitri lipo kwa nani?" Akasema kwangu. Miaka minne sasa ndiye anayeliandika. Anapokea mahindi na maharage, anapima pishi kwa kila kichwa, anajua kila kitongoji nyumba zipi hazina kitu, anajua yupi aliomba akiwa na akiba na yupi alinyamaza akiwa na njaa. Mwaka juzi alikuta upungufu wa kilo kumi na nane, akaulizia nyumba kwa nyumba mpaka ukapatikana. Nikamwambia, "Wewe miaka yote hii unafanya uhisani, halafu unakwenda kumlipa mtu elfu kumi akuandikie uyatima?"

Alinyamaza muda mrefu. Nadhani hakuwahi kulihesabu lile daftari kuwa ni kazi. Na hilo ni kosa letu sisi masheikh na wazee wa misikiti, tumewatumia vijana bila kuwaambia wanachojifunza, na misikiti mingine hata daftari haina.

Alifuta yote akaanza upya. Alhamisi aliniletea nyingine, fupi, Kiingereza chake mwenyewe chenye makosa mawili matatu, ndani yake kuna zile kilo kumi na nane. Kwenye sehemu ya kundi ameandika: Muislamu, wa mkoa wa pembezoni, baba yangu ana duka dogo. Ameituma. Majibu bado.

Akichaguliwa, nimemwambia kabla ya kufunga begi akabidhi daftari mbele ya kamati, ukurasa kwa ukurasa.

Wallaahu a'lam.