Zawose hakuiharibu ilimba

Hapa Songea, kila tukisikiliza albamu ya "Assembly" ya mwaka 2002, ambayo hayati Hukwe Zawose alirekodi na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, wazee wenzangu hulalamika kuwa gitaa limeiharibu ilimba ya Wagogo.

Mimi sikubaliani nao. Mganda tunaojivunia huku Ruvuma ulitokana na kuiga bendi za askari wa kikoloni. Morogoro Jazz nayo ilipiga magitaa na saksafoni, na hakuna aliyesema si muziki wetu.

Hata hivyo, hofu ya wazee ina msingi. Kijana ambaye hajapata kuisikia ilimba peke yake atajuaje kilichochanganywa? Zawose alifariki mwaka 2003, lakini sauti yake imebaki. Je, waimbaji wetu wa lizombe? Wengi wamezikwa na nyimbo zao.

Nawaomba wahusika wa utamaduni wawarekodi waliobaki, tena mapema. Baada ya hapo, vijana wachanganye watakavyo.

Mpenda Ngoma,
Songea.