Kampuni Kubwa za Teknolojia na Faragha: Ridhaa Isiyo na Njia Nyingine Haimlindi Mwananchi

Mapema mwezi Mei, 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili, na wakazi wa Lindi na Mtwara wakaionja adha ya kutegemea njia moja. Tarehe 12 ya mwezi huohuo, hitilafu katika nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom, zilizolazwa chini ya bahari, ilidhoofisha huduma ya intaneti nchini, na wengi waliozoea kuulizia bei na kupokea oda kwa simu wakabaki wakisubiri.

Mawasiliano ya barabara yalirejeshwa na nyaya zikatengenezwa. Hata hivyo, matukio hayo mawili yanasaidia kulielewa suala linalozidi kujadiliwa duniani, nalo ni uwajibikaji wa kampuni kubwa za teknolojia. Anayetegemea njia moja hana nafasi ya kujadiliana na mwenye njia. Barabara ya Somanga ni mali ya umma, na Serikali inawajibika juu yake kwa wananchi. Njia ya kidijitali ambayo mchuuzi wa pweza wa Kilwa Kivinje huitumia kuzungumza na mnunuzi wa Soko la Feri, Dar es Salaam, ni mali ya kampuni yenye makao yake California, nchini Marekani, na masharti ya kupita humo hupangwa na kampuni hiyo peke yake.

Masharti hayo mtumiaji huyaona kwa muda mfupi tu: maandishi marefu, mara nyingi kwa lugha ya kigeni, na chini yake kitufe cha kukubali. Anayekataa hapati huduma. Kwa kijana wa Kilwa Masoko ambaye wateja wake wote wamo katika kundi moja la WhatsApp, kukataa ni sawa na kufunga genge. Hapo ndipo mambo mawili yaliyozoeleka kutenganishwa, yaani nguvu ya soko na faragha, yanapokuwa jambo moja. Ridhaa ya mtu asiye na pa kwenda kwingine ni ridhaa ya jina tu, na sheria inayoitazama ridhaa pekee bila kulitazama soko itamlinda mwananchi nusu.

Kwa upande wa faragha, Tanzania imepiga hatua. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Siku hiyo Rais alielekeza taasisi zote za umma na binafsi zinazokusanya na kuchakata taarifa binafsi ziwe zimejisajili ifikapo Desemba 2024. Baadaye muda huo ulisogezwa hadi tarehe 30 Aprili, 2025. Chini ya sheria hiyo, mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinatumika kwa kazi gani, kutaka zisahihishwe ama zifutwe, kukataa zisitumike kumletea matangazo ya biashara, na kudai fidia anapopata madhara. Aidha, usafirishaji wa taarifa kwenda nje ya nchi umewekewa masharti.

Kwa upande wa soko, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 haikatazi kampuni kuwa kubwa. Inachokataza ni matumizi mabaya ya ukubwa huo. Tume ya Ushindani (FCC) pia ina mamlaka ya kupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja, ile ambayo mteja husaini kama ilivyo bila kubadilisha neno. Ukiitazama kwa makini, ile skrini yenye kitufe cha kukubali ni mkataba wa aina hiyohiyo. Hivyo basi, msingi wa kisheria wa kuyahoji masharti yake upo katika sheria za nchi.

Mfano wa namna sheria hizo mbili zinavyoweza kufanya kazi pamoja umetoka Nigeria. Baada ya WhatsApp kutangaza sera mpya ya faragha mwaka 2021, Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji ya nchi hiyo ilianza uchunguzi kwa kushirikiana na mamlaka ya ulinzi wa taarifa. Uchunguzi ulichukua miezi 38. Mwezi Julai 2024 Tume hiyo iliitoza kampuni ya Meta faini ya Dola za Marekani milioni 220, ikisema kampuni ilitumia vibaya nguvu yake sokoni kwa kuwalazimisha watumiaji kukubali sera hiyo, na kwamba Wanaijeria walitendewa tofauti na watumiaji wa Ulaya. Meta ilikata rufaa, na mwezi Aprili 2025 Baraza la Ushindani la Nigeria likaithibitisha faini hiyo.

Nchini Kenya suala lilihusu ridhaa iliyopatikana kwa malipo. Mradi wa Worldcoin uliwavuta watu kupigwa picha ya mboni za macho kwa ahadi ya sarafu ya kidijitali. Serikali ya Kenya iliusimamisha mwezi Agosti 2023, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Hata hivyo, kuziwajibisha kampuni hizi si kazi nyepesi, na uzoefu wa Tanzania wenyewe unaonesha hivyo. Mwaka 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipoweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15 kwa kampuni za usafiri wa mtandaoni, Uber ilisitisha huduma zake nchini mwezi Aprili mwaka huo. Ilirejea mwezi Januari 2023, baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Katika mabishano hayo dereva alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko kampuni, kwa kuwa soko la nchi moja ni sehemu ndogo ya mapato ya kampuni ya dunia nzima. Ulaya ilitumia ukubwa wa soko lake lote: mwezi Septemba 2023, Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft zilitangazwa kuwa walinda lango wanaobanwa na masharti maalumu. Kwa Afrika, nguvu ya namna hiyo itatokana na Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 na itifaki za ushindani na biashara ya kidijitali za Eneo Huru la Biashara la Afrika, iwapo nchi wanachama zitasimama pamoja.

Pwani ya Kilwa inaifahamu maana ya kushika lango. Kwa karne kadhaa kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505, masultani wa Kilwa Kisiwani walitajirika kwa sababu biashara ya dhahabu ya Sofala ilikuwa mikononi mwao, na magofu ya Husuni Kubwa yanabaki kuwa ushahidi wa utajiri huo. Tofauti ya leo ni kwamba anayelishika lango hayupo pwani hii, na ushuru anaotoza haulipwi kwa dhahabu bali kwa taarifa: majina, namba za simu, mahali mtu alipo na watu anaozungumza nao.

Namna taarifa hizo zinavyoweza kumrudia mwenyewe imeonekana katika mikopo ya mtandaoni. Baadhi ya programu za mikopo, ambazo wananchi wanaziita "kausha damu", zilichukua orodha ya namba zilizomo katika simu ya mkopaji, kisha zikawatumia ndugu, majirani na waajiri wake ujumbe wa kumfedhehesha alipochelewa kulipa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa watoa mikopo kwa njia ya kidijitali mwezi Agosti 2024, na mwezi Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo inathibitisha kwamba mamlaka za nchi zinaweza kuchukua hatua bila kusubiri uamuzi wa ng'ambo.

Sambamba na hilo, uwajibikaji unaanzia nyumbani. Chama cha msingi kinachohifadhi namba za simu na akaunti za wakulima wa korosho na ufuta, nyumba ya wageni inayonakili kitambulisho cha mgeni na zahanati inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, zote zinabanwa na sheria ileile inayodaiwa itekelezwe na kampuni za kigeni. Nchi inayotaka taarifa za watu wake ziheshimiwe California haina budi kuziheshimu Nangurukuru.

Kinachohitajika sasa ni taasisi zenye mamlaka hayo, zikiwemo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, FCC na Benki Kuu, kuitazama ridhaa na soko kwa jicho moja, kama Nigeria ilivyofanya. Kwa mwananchi, hatua ya kwanza ni kusoma programu inaomba kufikia nini katika simu kabla ya kuiruhusu, na kuhakiki leseni ya mkopeshaji. Hatua ya pili ni kulalamika anapodhulumiwa, akihifadhi ujumbe aliotumiwa na tarehe zake. Malalamiko ya mtu mmoja wa Kilwa yanaweza kuonekana madogo mbele ya kampuni ya dunia nzima, lakini yakifika mengi mezani ndiyo huipa Tume sababu ya kufungua uchunguzi.