SARUJI IANZE CHINI, SIYO UKUTANI

Ndugu wanaushirika,

Huku milimani Tarime mvua na baridi tunazijua. Nyumba zetu za matofali ya udongo, nyingine za tangu Operesheni Vijiji ya 1974, zinanyonya maji toka chini. Wazee na watoto wanalala penye unyevu, wanakohoa.

Sasa wako wenzetu wanataka saruji ya ushirika ipigwe lipu ukutani, nyumba zing'are. Sisi tunasema hapana. Lipu ya saruji juu ya udongo hufungia maji ndani. Ukuta unaoza, lipu inabanduka. Hiyo ni kufunika kidonda kibichi.

Tuanze na mtaro wa kuondoa maji. Halafu sakafu: mawe yashindiliwe, mchanga, nailoni, kisha zege: saruji karai 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji yasizidi. Tulimwagilie siku 7, lisikauke upesi. Ukuta tuusiribe kwa udongo, kama mama zetu.

Peke yako hukamilishi hata chumba. Kwa risaga tutamaliza kijiji. Tuanze na wajane na wazee, la sivyo ushirika wetu ni wa jina tu.

Katibu wa Tawi