Mombasa Baada ya Zamu Ndefu

Barabara kuu inayopita chini ya kilima chetu cha Wanyange, ikitoka Jinja na Bugembe kuelekea Kakira na Iganga, haijui mchana wala usiku. Malori ya makontena hunguruma hapo hata alfajiri, na mengi yao yametoka bandarini Mombasa. Hata hivyo ni nyumba chache mno katika kambi zetu za askari na polisi ambazo zimepata kuifuata barabara hiyo mpaka mwisho wake. Juma hili twazungumzia safari hiyo, na hasa twasema na nyumba ambayo baba amerejea karibuni kutoka zamu ndefu ya ng'ambo, ana likizo mkononi na akiba kidogo, na anauliza aipeleke wapi familia yake.

Tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia, askari wetu wengi wamekaa miezi mingi Mogadishu. Huo nao ni mji wa pwani, una misikiti ya kale, na bahari yake ni ile ile ya Mombasa. Lakini askari aliye kazini hatembei akitazama mandhari. Bahari huiona juu ya magunia ya mchanga. Akirudi mkewe humwuliza, "Bahari ikoje?" naye hujibu, "Maji tu." Tena nyumbani hukuta mambo yamegeuka: mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anakimbia na hamjui baba, mama amezoea kukata shauri peke yake, na baba mwenyewe, kwa mazoea ya kazi, husema na watu wa nyumba yake kama asemavyo na kikosi. "Kuja hapa!" "Leta maji!" Watoto hutii, kisha hukimbilia jikoni kwa mama.

Maneno hayo ni Kiswahili, na hapo ndipo penye shauri langu. Kwetu Busoga, na kwa ndugu zetu wa Mbale pia, lugha hii ina sifa ambayo haikujitakia. Wazee wetu wengi waliisikia kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin aliamuru kwamba iwe lugha ya taifa, na miaka iliyofuata raia wengi waliifahamu kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yaliifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba iwe somo la lazima shuleni. Vema sana, ila sheria haifuti kumbukumbu. Wako akina mama mpaka leo ambao wakisikia Kiswahili cha sauti kubwa mlangoni hushtuka kabla hawajaelewa hata neno moja. Mama wa namna hiyo, ajapokuwa mke wa askari, apelekwe Mombasa akaisikie lugha hiyo kwao.

Kuhusu njia nitasema machache. Askari na apate kwanza ruhusa ya wakubwa wake kutoka nje ya nchi. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Habari za watoto ulizeni mapema ofisi ya uhamiaji. Basi litawapitisha Busia au Malaba hadi Nairobi. Pumzikeni usiku mmoja, msijifanye mashujaa, kisha pandeni treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Inapita katikati ya mbuga ya Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli ya kwanza, ile ile iliyoitwa Reli ya Uganda; watoto wakae dirishani, huenda wakaona tembo. Treni haifiki kisiwani. Huishia Miritini, na hapo mtatafuta matatu.

Siku ya kwanza mjini msiende ufukoni. Miguu imevimba, watoto wana usingizi, na jua la pwani halina urafiki na mgeni. Nendeni Ngome ya Yesu asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Mwananchi wa Afrika ya Mashariki hutozwa pungufu ya mgeni atokaye mbali, kwa hiyo vitambulisho viwe mkononi. Hapa baba wa nyumba atakuwa mwalimu, maana ngome hii ilijengwa na askari kwa ajili ya askari. Wareno waliianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwonyeshe mkeo pembe za kuta zilivyochomoza, hata adui asipate mahali pa kujificha chini ya ukuta wowote. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza, aliwageuka akaitwaa. Wareno wakairudia, na mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani wakaizingira.

Mazingira hayo yalidumu miezi thelathini na mitatu. Askari yeyote aliyepata kukaa mahali pamoja akingojea chakula kifike kwa njia ya hatari hahitaji kuelezwa maana yake. Waliokufa ngomeni kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mwezi wa Agosti 1697 kapteni wa Kireno naye akafa, na uongozi ukawa mikononi mwa Bwana Daud, wa jamaa ya watawala wa Faza, pamoja na vijana wachache na wanawake wa Kiafrika waliobaki hai. Wanawake hao walishika silaha wakalinda zamu ukutani mpaka msaada ulipofika. Naomba akina mama wasimame kidogo juu ya ukuta huo, watazame mlango wa bahari, kabla ya kuteremka kununua maji ya kunywa. Ngome ilianguka Desemba 1698.

Tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kuwa jela, na sasa ni makumbusho. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na neno gereza lenyewe ni zawadi ya Wareno: kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Bendera ambayo askari wetu huipigia saluti kila asubuhi, nayo ni neno lao, na meza mnayolia chakula vile vile.

Mtokapo hapo ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Njia ni nyembamba, roshani za mbao zakaribia kugusana, na milango imechorwa nakshi ambayo fundi wa leo angeomba mwezi mzima kuimaliza. Mtaa mmoja uliitwa Ndia Kuu, maana watu wa Mombasa kwa lafudhi yao ya Kimvita husema ndia pale tusemapo njia. Mvita ndilo jina la kale la kisiwa, na wengi husema limetokana na vita. Muyaka bin Haji, mshairi wao mkubwa wa mwanzo wa karne ya kumi na tisa, alizijibu tungo za mahasimu wa mji wake kwa tungo, wakati wa vita vyenyewe. Basi si kweli kwamba lugha hii haikujua vita huko kwao. Ilivijua sana, lakini haikuishia humo.

Ketini barazani penye muuza kahawa, mnyamaze, msikilize. Bibi anambembeleza mjukuu alale. Muuza samaki anapunguziwa bei na mteja, naye analalamika kwa maneno matamu hata mteja anaongeza mwenyewe. Kijana anapita na kumwamkia mzee, "Shikamoo," naye huitikiwa "Marahaba" bila kuulizwa kabila wala kazi. Hakuna anayesema "Kuja hapa", husema "Njoo, mwanangu." Hakuna anayesema "Mimi nataka chai", husema "Naomba chai." Wafundisheni watoto kuamkia kabla ya kuuliza njia. Nawe afande, hata uwe na nyota ngapi begani, muuza mahamri ni mama wa watu. Mwite mama, umwombe mbaazi, nawe utapakuliwa vizuri. Nimewaona askari wetu wakijaribu sentensi hizo kwanza kwa haya, kama mtu avaaye shati la kuazima, na wake zao wakizitazama nyuso zao kwa mshangao.

Kabla ya chakula cha mchana piteni Barabara ya Jomo Kenyatta, iliko sanamu ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Vita vile vilikula wachukuzi kuliko wapiganaji: waliokufa katika Afrika ya Mashariki walihesabiwa zaidi ya 40,000, na wengi hawakuhesabiwa. Kutoka Uganda pia walichukuliwa watu. Iwapo babu yenu mkubwa alikwenda asirudi, hapo ni mahali pa kuvua kofia. Zile pembe kubwa za bati katika Barabara ya Moi, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme wa Uingereza, kila mtu hupiga picha chini yake. Pigeni nanyi, haichukui muda.

Siku ya pili ndiyo ya bahari. Ufuko wa umma wa Bamburi, ng'ambo ya daraja la Nyali, hauna kiingilio. Watoto wa Wanyange wamekulia kando ya ziwa na hudhani wanajua maji. Waambiwe kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba nguo zikiachwa karibu zitachukuliwa, na kwamba maji hayo hayanyweki. Wakitoka waogeshwe maji baridi, la sivyo chumvi itawawasha usiku kucha. Kivuko cha Likoni apandaye kwa miguu halipi kitu, nacho ni burudani tosha, lakini msisukumane mlangoni: huko Mtongwe mwaka 1994 kivuko kilichojaa kilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafa.

Jioni kaeni Mama Ngina, chini ya mibuyu, mtazame meli zikiingia Kilindini. Hapo huuzwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Kwetu muhogo ni chakula cha mwaka mbaya. Mombasa watu hufunga safari kuufuata. Hapo pia, kwa kuwa hakuna kazi ya kufanya, baba na mama huweza kusema yale ambayo kwenye kambi yenye kuta nyembamba hayasemeki. Sitaingilia.

Asubuhi ya mwisho mama apelekwe Mtaa wa Biashara akachague leso. Ni hiyo hiyo tuiitayo leesu nyumbani. Huuzwa jozi, vipande viwili vilivyoungana, na mafundi wenye vyerehani hukata na kupinda pindo papo hapo kwa fedha kidogo. Kila leso ina maneno yake: ziko za kumwambia mtu anapendwa, ziko za kumsuta jirani, na mume anunuaye kwa kutazama rangi tu hujitafutia kesi. Baba na ayasome kwa sauti dukani, moja baada ya nyingine, mpaka mama aseme, "Hiyo." Halua nunueni baadaye, kwa kuwa hukaa siku nyingi bila kuharibika, na mwondoke mjini saa mbili kabla ya treni, maana msongamano wa magari wa Changamwe hauna huruma.