GARI LALINDWA, MWENYE KULIOSHA JE?



Kila siku asubuhi, kabla mabwana wakubwa hawajafika afisini, wenzetu wamekwisha lowa mikono. Katika gereji, katika vituo vya petroli, kwenye steji za matatu na kando ya ziwa, yuko mtu ameinama na kitambaa, akiondoa matope mekundu ya jana katika gari ambalo si lake. Kazi hii hudharauliwa. Wengi husema, "Kuosha gari hata mtoto aweza." Sisi twasema hapana. Kuosha gari na kulinda bodi yake ni ufundi, na mwenye ufundi huo hapewi ulinzi hata nusu ya ule unaopewa rangi ya gari.

Tuanze na rangi yenyewe, maana ndiyo inayoleta ugomvi. Rangi yote ya gari la siku hizi, tangu kwenye bati mpaka juu, kwa kawaida unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu kabisa pana vanishi isiyo na rangi, nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Hiyo ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopambana na jua na mvua. Chembe moja ya mchanga ikisuguliwa juu yake huacha mstari. Mistari hiyo ikiwa mingi, gari jeusi likisimama juani huonekana kama limetandwa na buibui. Mwenye gari akiona hivyo hukasirika, na humtafuta mtu wa kulaumiwa.

Kijana mmoja, mwanachama wetu, alikatwa mshahara kwa jambo hili. Tulikwenda mahali pake pa kazi tukaangalia kwa macho yetu. Tulikuta ndoo moja iliyotumika tangu asubuhi, maji yake yamekuwa kama chai. Tulikuta sponji iliyokwisha anguka chini mara nyingi, na sabuni ya unga ya kufulia nguo. Magari yalikuwa yakioshwa saa sita za mchana, boneti ni moto hata mkono haukai. Tukamwuliza tajiri, "Ndoo hii ilinunuliwa na nani?" Akasema, "Na mimi." Sponji je? "Mimi." Sabuni? "Mimi." Na aliyeamuru kila gari liishe kwa dakika kumi ni nani? Hapo akanyamaza. Nusu ya pesa za kijana zilirudishwa mwisho wa mwezi. Nusu ya pili bado twaidai.

Basi kila mwanachama na ajue kazi yake sawasawa, asije akalaumiwa kwa kosa la mwingine. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Juani maji na sabuni hukauka upesi yakaacha madoa. Anza na magurudumu, na yawe na ndoo yake na burashi yake, kwa sababu vumbi la breki ni chembe za chuma. Kisha mwagia gari maji mengi kutoka juu kwenda chini, ili mchanga uondoke wenyewe kabla mkono haujagusa rangi. Ukitumia mashine ya kurusha maji, usiikaribishe sana. Simama mbali kama urefu wa rula ya shule, la sivyo itang'oa rangi mahali palipopasuka.

Halafu ndoo mbili. Moja ina sabuni ya gari, ya pili ina maji matupu. Kitambaa kikitoka kwenye gari kiingie kwanza katika maji matupu kiache mchanga wake, ndipo kiingie katika sabuni. Ndoo ya pili si ghali, na huokoa rangi kuliko maneno mengi ya tajiri. Anza juu ya paa, malizia chini kwenye matope, na kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari mpaka kimefuliwa. Sabuni ya vyombo na sabuni ya nguo ziache jikoni, maana kazi yake ni kuondoa mafuta, na nta iliyopakwa gari itaondoka pamoja na uchafu. Mwisho kausha kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, si kwa fulana kuukuu yenye mshono mgumu.

Nchi yetu nayo ina uchafu wa namna yake. Madereva wa Nairobi wawajua vizuri wale korongo wakubwa wanaokaa juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo. Kinyesi cha ndege kikikauka juani hula vanishi. Usikikwangue kwa ukucha. Kifunike kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kilainike, ndipo ukiondoe pole pole. Huko Mombasa adui ni chumvi ya bahari. Hiyo haionekani, lakini hushika chini ya gari na ndani ya mabawa ya magurudumu, na kutu huanza pale rangi ilipobanduka. Mtu wa pwani anayeosha juu tu na kuacha chini amefanya nusu ya kazi.

Gari likiwa safi na kavu, hupakwa nta, ambayo katika gereji huitwa waksi. Nta iliyo maarufu sana hutoka katika majani ya mnazi fulani wa kaskazini-mashariki ya Brazili, uitwao carnauba. Hupakwa kidogo tu, ikafutwa. Haidumu ila majuma au miezi michache, kisha hupakwa tena. Siku hizi zimekuja dawa nyingine ngumu zaidi zenye silika, ambazo hudumu muda mrefu. Bei ya kupaka gari moja dawa hizo huweza kupita mshahara wa mwezi mzima wa yule anayeipaka.

Hapa ndipo penye neno letu. Mwenye gari yuko tayari kulipa pesa nyingi ili kinyesi cha ndege kisiguse vanishi. Je, ni nani aliyelipa hata senti ili dawa kali isiguse ngozi ya mfanyi kazi?

Twasema dawa kali kwa sababu si zote zilizo sabuni. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu zina asidi ya haidrofloriki. Asidi hii si kama asidi ya betri ambayo huchoma mara moja ukajua. Ikiwa hafifu, mtu huweza kumaliza kazi, akaenda nyumbani, akala, na uchungu ukaanza usiku. Wakati huo imekwisha penya ngozi, nayo hushambulia kalsiamu ya mwili mpaka kwenye mfupa. Ikikugusa, osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali upesi hata kama huoni jeraha, ukichukua chupa ili daktari asome jina lake. Iko jeli maalum ya kalsiamu ambayo madaktari huitumia. Na dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda isiyo na jina, msiiguse. Mwambieni tajiri alete chupa yenyewe.

Tena wakumbukeni wenzetu wa Kisumu. Kwa miaka mingi waosha magari wa huko wamefanya kazi wakisimama ndani ya maji ya Ziwa Victoria, magari yameingizwa mpaka ukingoni. Katika maji hayo wamo konokono wenye wadudu wa kichocho, ambao huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Wataalamu wa KEMRI pamoja na wenzao wa Marekani waliwachunguza waosha magari hao muda mrefu, na mwaka 2002 walichapisha habari zao. Watu walitibiwa, wakapona, wakarudi majini, wakaugua tena. Wengine walikawia kupata ugonjwa baada ya kutibiwa mara nyingi. Dawa ya kichocho ipo na huua wadudu, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho. Dawa ya kweli ni maji ya mfereji na sakafu ya saruji mbali na ziwa. Hapo mafuta na sabuni navyo havitaingia katika maji wanayokunywa watu na samaki wanamoishi.

Wako wanachama wanaosema, "Glavu hutuchelewesha, wateja watakwenda kwa jirani." Twawajibu kwamba jirani naye ni mfanyi kazi. Tukikubaliana sote, mteja hatapata pa kukimbilia. Na sisi wenyewe tujikosoe. Wako wanaopewa gambuti wakaziuza, na wako wanaoona mchanga katika kitambaa wakaendelea kusugua. Mtu wa namna hiyo humpa tajiri fimbo ya kutupigia sote.

Sheria iko upande wetu, ikiwa tutaijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyi kazi amefanya kosa kwa kusudi. Kukwaruza gari kwa sponji mbovu uliyopewa na tajiri mwenyewe si kusudi lako. Hata wanaolipwa kwa hesabu ya magari sheria hiyo yawatambua. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 101, yamtaka mwajiri kutoa nguo za kujikinga kwa kazi ya majimaji au ya vitu vinavyodhuru, pamoja na glavu, viatu na miwani inapohitajiwa. Hizo si zawadi ya Krismasi.

Kwa hivyo twataka mambo manne. Kwanza, kila kituo kiwe na ndoo mbili na vitambaa safi kwa kila mwoshaji. Pili, glavu, gambuti na miwani zitolewe bila kukatwa mshahara. Tatu, kila gari likaguliwe mbele ya mwenyewe kabla halijaguswa na maji, na mikwaruzo ya zamani iandikwe katika kitabu. Nne, wenzetu wa Kisumu wapewe na serikali ya kaunti mahali penye maji ya mfereji.

Msiseme haya hayawezekani. Mwaka 2011 waosha magari wa kituo kimoja huko Santa Monica, California, walipata mkataba wa chama, na mwaka 2012 wenzao wa kituo kimoja cha New York walipiga kura wakaingia katika chama. Wengi wao walikuwa wageni katika nchi ile. Sisi tuko kwetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukikatwa mshahara kwa mkwaruzo, usinung'unike peke yako kando ya ndoo. Njoo kwa mwakilishi wako siku hiyo hiyo, na ile sponji uilete.